Sainte-Chapelle: tiketi ya kawaida au ziara ya kuongozwa?

Sainte-Chapelle ya Paris ni ndogo, na udogo huo ndio unaotatiza uchaguzi wa tiketi. Mfalme Louis wa Tisa aliijenga ili kuhifadhi Taji la Miiba alilolipata kutoka kwa mtawala wa Konstantinopoli, ikawekwa wakfu mwaka 1248. Ukishapanda ngazi nyembamba za kuzunguka hadi kanisa la juu, umefika. Kwa nini basi mtu aongeze pesa ili aongozwe ndani ya ukumbi mmoja?

Sababu ni vioo vya rangi. Madirisha 15 yana picha 1,113, na mgeni asiyeelekezwa huona bluu na nyekundu tu, akapiga picha mbili tatu, akashuka. Mwongozaji anayeijua kazi yake atakusimamisha kushoto karibu na mlango, kwenye dirisha la kitabu cha Mwanzo, akufundishe kusoma kutoka chini kwenda juu, mkazunguka ukumbi mpaka dirisha la mkono wa kulia ambamo masalia matakatifu, likiwemo Taji lile la Miiba, yanaletwa Ufaransa. Hapo ndipo unapong'amua alichokuwa akidai Louis: kwamba historia takatifu inaendelea kwake. Kwangu mimi, maelezo hayo yana thamani kuliko kiingilio chenyewe.

Lakini ziara nyingi haziuzwi kwa hoja hiyo. Zinauzwa kwa ahadi ya kuepuka foleni, na ahadi hiyo ina kasoro. Kanisa limo ndani ya eneo la mahakama, kwa hiyo kila mgeni hupita kwenye ukaguzi wa usalama, hata awe na tiketi ya namna gani. Tiketi ya kawaida inayonunuliwa mtandaoni kwa wasimamizi wenyewe nayo ina saa yake ya kuingia. Tena walio chini ya miaka 18 huingia bure. Familia inayonunua ziara bila kuuliza inaweza kujikuta inawalipia watoto ambao hawakudaiwa kitu.

Tiketi ya pamoja na Conciergerie, gereza alimofungwa Marie Antoinette mwaka 1793, inafaa kwa mwenye nafasi ya nusu siku. Tamasha za muziki za jioni ni nzuri, ila wakati wa baridi giza huingia mapema na vioo havionyeshi kitu.

Ningenunua tiketi ya kawaida, saa za jua, nikiwa nimesoma mpangilio wa madirisha kabla. Ziara ningeilipia pale tu maelezo yake yanaposema wazi kwamba mwongozaji anapanda nanyi hadi juu.