Mama Mkwe na Mti Usionukia Mchana

Tulipomaliza kujenga ukuta wa mawe unaozuia udongo wa parseli yetu usimwangukie jirani wa chini, jambo ambalo kila mtu anayejenga kwenye miteremko ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, hulifikiria hata kabla ya paa, tulibaki na uwanja mtupu wa udongo mwekundu. Mke wangu aliutazama, akasema kwamba nyumba sasa inafanana na kituo cha polisi na kwamba inahitaji miti na maua. Tulikubaliana papo hapo kupanda mara mvua za Septemba zikianza, na baada ya hapo hatukukubaliana juu ya jambo lolote kwa muda mrefu.

Hali ya hewa ya mji huu ndiyo iliyotuletea ugomvi. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460, nasi tuko juu yake kidogo, karibu na ikweta lakini bila joto lake, kwa hiyo mimea mingi ya nchi za joto na mingi ya nchi za baridi inakubali kuota hapa bila kinyongo. Kwingineko mtu anaweza kuukataa mti asioupenda kwa kusema kwamba utakufa. Bukavu huna kinga hiyo. Ni lazima utafute sababu nyingine, na uitafute mbele ya ukoo mzima.

Mjomba wa mke wangu, anayeishi Kadutu, alipendekeza mikalitusi kwa sababu inakua haraka na hatimaye hutoa nguzo na makaa. Nilimweleza kwa heshima kwamba mti huo uliotoka Australia unakunywa maji kuliko familia yetu yote, na kwamba maji yenyewe hatuna. Mwanangu mkubwa aliutaka ule mti wa Kiafrika wenye maua mekundu ya umbo la kikombe, ambao matumba yake huwa yamejaa maji, na sikuhitaji kumuuliza maji hayo angemrushia nani shuleni. Mimi nilitaka jakaranda kwa ajili ya zambarau yake; mke wangu akauliza ni nani atakayefagia maua hayo yakianguka, na kwa kuwa sote tulijua jibu, mazungumzo yaliishia hapo. Jirani akatusifia mfikasi wenye majani madogo yanayong'aa, lakini fundi aliyejenga ukuta alinivuta pembeni, akanikumbusha bei ya mawe na saruji, kisha akanieleza jinsi mizizi ya mti huo inavyoinua sakafu na kupasua mabomba. Mke wangu alipenda sana oliyanda ya maua ya waridi, na tungeinunua kama tusingeambiwa kwamba kila sehemu yake, kuanzia jani mpaka mzizi, ina sumu. Yeye wakati huo alikuwa mjamzito, na hatukutaka kumlea mtoto kando ya sumu. Naomba msomaji aikumbuke sababu hiyo.

Hatimaye tulichukua bugenvilea kwa ajili ya ukuta, kwa kuwa inavumilia ukavu wa Juni hadi Agosti na miiba yake inamfikirisha mwizi, na ortansia kadhaa kwa ajili ya kivuli cha upande wa nyuma. Muuzaji, ambaye kitalu chake kilikuwa kando ya barabara, miche imepangwa katika mifuko ya plastiki na makopo ya maziwa ya unga, alitaka kutuuzia ortansia za buluu kwa bei ya juu kuliko za waridi. Nilikuwa nimeshasikia kwamba rangi hiyo hutegemea udongo, kwamba penye asidi ua huwa la buluu na pasipo na asidi huwa la waridi, kwa hiyo nikalipa bei ya waridi na kumwachia udongo wangu uamuzi. Alinitazama kwa masikitiko ya mtu aliyekutana na mteja asomaye. Labda ni kwa ajili ya kulipiza kisasi kwamba aliniongezea matabishi: mche mwembamba wa matawi ya kijani, usio na ua hata moja. "Huu ni jasimini, papa," aliniambia. "Siku moja utanikumbuka."

Nilimkumbuka.

Mche huo tuliupanda karibu na robine ya uani, ili unywe maji yanayomwagika. Maji ya bomba katika mtaa wetu yana desturi ya kuja usiku, bila saa maalumu, na kuondoka kabla ya kengele ya misa ya asubuhi, na kazi ya kuamka kuyakinga ilikuwa yangu. Kila nilipoyasikia yakikohoa bombani, nilivaa koti, nikatoka kimyakimya ili nisiamshe watu, nikajaza bidoni moja baada ya nyingine, kisha nikarudi kupitia mlango wa jikoni. Mche, kwa kunyweshwa hivyo, ulinipita kimo upesi, ukaanza kutoa maua. Mchana ulikuwa na vijiti vyembamba vya rangi ya kijani iliyopauka, ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuviuliza jina. Usiku vilifunguka, na uani kukajaa harufu tamu na nzito, ambayo mimi, nikiwa peke yangu na bidoni zangu, niliifurahia. Kwa kuwa hakuna mtu nyumbani aliyeisifu, niliamua kwamba wenzangu hawana mapenzi na maua.

Ndipo mtoto akazaliwa, na mama mkwe akaja kutoka Uvira kumsaidia binti yake. Uvira iko chini, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo mtu hulala dirisha likiwa wazi na shuka likiwa sakafuni. Mama mkwe alishuka garini, akasema kwamba Bukavu si mji bali ni friji, na kabla ya jua kuzama alikuwa amefunga kila dirisha la nyumba, akaziba na nyufa kwa vikwembe vikuukuu, kwa ajili ya kifua cha mtoto na, nadhani, kwa ajili ya kifua chake pia. Alichagua kulala katika chumba kilicho karibu na jiko, kwa sababu ndicho chenye joto.

Sasa msomaji aitazame hali hiyo kwa jicho la mama huyo. Binti yake amelala hoi na kitoto kichanga. Nyumba imefungwa kama ilivyoagizwa. Usiku wa manane mkwe anaamka, anavaa koti, anatembea kwa ncha za vidole, anafungua mlango wa nyuma, anapotea kwa muda mrefu, kisha anarudi kwa ncha zilezile za vidole, nguo zake zikinukia manukato ya mwanamke ambayo binti yake hana.

Hakusema neno. Mama mkwe wangu ni mtu wa kukusanya ushahidi kwanza. Asubuhi aliniuliza kwa upole kama kazini kwetu wapo wanawake. Siku nyingine akataka kujua kama wanawake hao wameolewa. Sahani yangu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ilianza kupungua, huku bugali ikibaki kiasi kilekile ili nisiwe na la kulalamikia. Alizungumza na sentineli wa jirani, ambaye alithibitisha, kwa nia njema kabisa, kwamba kweli huniona nje kila mara, nami humsalimia. Koti langu lilitoweka msumarini, likaonekana tena likiwa limekunjwa kwa uangalifu ndani ya mfuko uliofungwa, kama kielelezo cha mahakamani.

Jumapili alasiri, baada ya misa, nilikuta wazee watatu wa upande wa mke wangu wameketi sebuleni, mjomba wa Kadutu akiwa katikati. Nilifurahi, nikadhani wamekuja kumwona mtoto, nikatuma kasiksi, bia yetu ya ndizi, iletwe. Mjomba alikunywa, akashukuru, akasema kwamba wamekuja kwa neno dogo. Nimeishi na wakwe zangu kwa miaka ya kutosha kujua kwamba neno kubwa ndilo hufupishwa. Dogo huhitaji wazee watatu.

Nilipoelewa nashtakiwa nini, nilicheka, na kicheko hicho hakikunisaidia. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kando ya mama yake, aliniambia bila kuniangalia, "Baba watoto, jibu wazee." Nikajibu kwamba mwanamke huyo anayetafutwa amesimama uani, karibu na robine, na kwamba nilimpata kama matabishi. Baada ya kelele kutulia nilifafanua kwamba ni mti.

Wazee walitoka kwa mpangilio wa umri. Kila mmoja aliinama kwenye yale maua yaliyofungika, akanusa kwa dhati, akarudi nyuma kumpisha mwenzake. Mjomba alichuma jani, akalifikicha, akanusa vidole vyake na kutangaza kwamba ananusa jani. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka, na mti ule haukuwa na harufu yoyote ya kuuokoa ukoo wangu na aibu. Mama mkwe alisema kwamba marehemu mumewe alimpa sababu nyingi katika maisha yake, lakini hata siku moja hakuwahi kumsingizia mti.

Nikaomba shahidi. Karibu nasi anaishi mwalimu mstaafu wa biolojia, mtu mwema mwenye kasoro moja tu, kwamba hajui kufupisha. Aliutazama mti, akakanusha kwanza kwamba ni jasimini, jambo lililonipunguzia sifa ya ukweli. Alisema unaitwa Cestrum nocturnum, kwamba asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na kwamba ni wa jamii moja na nyanya, bilingani, pilipili na tumbaku. Kisha akaeleza kwamba mmea huu huhudumiwa na nondo wanaoruka gizani, ndiyo maana hauitumii bure harufu yake mchana wakati wateja wake wamelala. Mjomba alitikisa kichwa, akawaambia wenzake kwamba mwalimu amethibitisha kuwepo kwa wageni wa usiku. Mwalimu, akidhani ananisaidia, akaongeza kwamba tunde zake nyeupe, yaani matunda yake madogo, zina sumu na zisiachwe mahali watoto wanapocheza.

"Na sumu pia ameiweka," alisema mama mkwe.

Mke wangu aliniangalia sasa, nami nikaikumbuka oliyanda. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimetozwa mbuzi mmoja, huku mwalimu akiwasihi wazee wasubiri giza kidogo tu. Walikubali, hasa kwa sababu kasiksi ilikuwa bado haijaisha. Mama mkwe aliketi uani akiwa amejifunika blanketi mbili, kwa mara ya kwanza tangu alipofika akiwa nje baada ya magharibi, na hakuondoa macho yake kwangu, pengine akidhani nitautia mti manukato kwa siri.

Ilipokaribia saa mbili harufu ilianza kushuka. Wa kwanza kuisikia ni yeye. Alinyanyuka, akaenda mtini na tochi, akanusa. Akaja kwangu, akashika mkono wa koti langu, ambalo lilikuwa limetolewa mfukoni kwa ajili ya kesi, akanusa. Akarudi mtini, akanusa tena. Safari hiyo kati ya mti na koti aliirudia kwa subira ya hakimu, huku wazee wakimfuata kwa macho na mmoja wao akilalamika kwamba harufu inamuumiza kichwa.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Mti ubaki, kwa kuwa una harufu nzuri kuliko alivyotarajia. Tunde zake zichumwe zote kabla hazijaiva, na kazi hiyo niifanye mimi. Robine ihamishwe upande wa pili wa nyumba, ili siku nyingine mtu akinukia, ijulikane moja kwa moja kwamba hakutoka kwenye maji. Niliuliza kuhusu mbuzi. Mjomba alisema kwamba mbuzi ni suala jingine, kwamba wazee wamenusishwa majani siku ya Jumapili, na kwamba jambo hilo lina bei yake.

Fundi wa bomba alikuja wiki iliyofuata. Alifanya kazi nzuri, lakini hakuweza kuijaribu robine mpya bila maji, na maji, kama kawaida, yalikawia. Kwa hiyo alikaa uani mpaka karibu saa sita usiku, akiwa ameegemea ule mti kwa sababu ndipo palipokuwa na kigoda. Asubuhi mapema mkewe alikuwa langoni kwetu, kikwembe amekikaza kiunoni, akitaka kuonyeshwa nyumba ambayo mume wake alidai alikuwa akitengeneza bomba.

Nilitaka kumweleza, lakini mama mkwe alinipita, akamfungulia lango, akamkaribisha kwa chai, akamwambia, "Mchana huu hutaona kitu, binti yangu. Rudi saa mbili usiku, na uje na koti lake."