Picha ya shingo iwe na kauli kiasi gani kabla ya upasuaji wa roboti?

Mgonjwa wa saratani ya koo akiambiwa roboti inaweza kutoa uvimbe wake kupitia mdomoni, bila kupasuliwa taya, hujenga tumaini moja: mionzi ataikwepa. Wengi hawaikwepi. Uvimbe wa tonsili au wa shina la ulimi ukishatolewa pamoja na tezi za shingoni, tezi hizo hukaguliwa kwa hadubini. Ikionekana saratani imetoboa ganda la tezi na kumwagikia kwenye mafuta yanayoizunguka, kwa kawaida mgonjwa huongezewa mionzi na dawa za kemo juu yake. Angeanza na mionzi na kemo tangu mwanzo, kisu angekiepuka kabisa. Sasa koo lililokatwa juzi ndilo linalochomwa, na kumeza hata uji huwa kazi.

Kwa hiyo wanaotaka picha ndizo ziwachuje wagonjwa wana hoja nzito. Kwenye CT, picha ya eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, tezi ambayo ganda lake halijaguswa huwa na ukingo safi, kama yai. Iliyotoboka hufifia pembeni, mithili ya wino ulioanza kusambaa kwenye karatasi, au hugandamana na jirani zake. Picha hiyohiyo huonyesha kama mshipa mkuu wa damu wa shingo umejipinda na kupita karibu sana nyuma ya tonsili. Hilo la mshipa halina mjadala: daktari asiyelijua kabla ya kukata anahatarisha uhai wa mtu.

Ugumu uko kwenye ganda. Jaribio la E3311 la Marekani, la upasuaji wa saratani ya koo kupitia mdomoni, lililochapishwa mwaka 2022, liliweka mpaka wa hatari kubwa kwenye milimita 1 tu nje ya ganda la tezi. Vipande vya picha ya CT mara nyingi vina unene wa milimita 1 hadi 3. Yaani tunaidai picha ione kitu kinacholingana na kipande chake chenyewe! Ndiyo maana wataalamu wawili wa radiolojia wanaweza kuitazama tezi moja wakatofautiana. Mwaka 2023 programu ya akili bandia iliyopimwa kwa picha za jaribio hilohilo iliwashinda wataalamu wanne wa kichwa na shingo. Inatia moyo, ingawa nayo hukosea.

Makosa hayo yana pande mbili. Picha ikinyamaza kimakosa, mgonjwa anabeba matibabu matatu. Ikipiga kelele bure, ananyimwa upasuaji ambao ungemfaa: katika E3311, wenye hatari ya wastani waliofanyiwa upasuaji kisha wakapewa mionzi ya Gray 50 (Gray ni kipimo cha dozi ya mionzi) badala ya 60 walikuwa na matokeo mazuri baada ya miaka 2.

Mimi naegemea tahadhari. ORATOR2, jaribio la Kanada na Australia lililolinganisha upasuaji huu na mionzi, lilisitishwa mapema baada ya vifo 2 vilivyotokana na matibabu upande wa upasuaji. Upasuaji huu si mwepesi hata kidogo, hata kama shingoni kovu ni dogo. Tezi zikionekana zimegandamana au ukingo umepotea waziwazi, roboti isiguswe. Ukingo ukiwa wa mashaka, picha isomwe na zaidi ya jicho moja, kisha mgonjwa awekwe mbele ya skrini, aonyeshwe tezi yenyewe, na aambiwe kwa lugha yake: hapa hatuna hakika, na tukikosea utabeba hiki na hiki. Anayeshika kalamu ya kutia saini ridhaa ni yeye, na koo ni lake.