Fundi, geuza ruta usome lebo kwanza

Jumamosi nilimsindikiza mama mmoja jirani yetu hapa Sinza kufuata ruta yake kwa fundi, Kariakoo. Ana duka la steshenari, na wateja wake wengi ni wanafunzi wanaojaza fomu mtandaoni. Ruta ilikuwa inakatakata, akaambiwa ikiwekewa famwea mpya, yaani programu inayoiendesha, itapona. Tulipofika ilikuwa na taa ya pawa tu. "Mama, hii bodi imekufa," fundi akasema, huku akiisukuma pembeni ya meza.

Nikaigeuza. Lebo ya chini: TL-WR841N, modeli ya TP-Link, Ver 9, yaani toleo la 9. Kwenye laptopu yake faili aliloweka lilikuwa la v13. Nikamwonyesha. "Kaka, hizi zote ni moja," fundi akajibu.

Si moja! Ver 9 ina chipu ya Qualcomm QCA9533, flashi (hifadhi inayobeba famwea) megabaiti 4, RAM 32. Ver 13 ina chipu ya MediaTek MT7628, flashi 8, RAM 64. Hata mpangilio wa baiti ndani ya chipu hizo mbili ni kinyume, kwa hiyo programu ya moja kwa nyingine ni takataka tupu. Kinachofanana ni jina na kava. Na jambo hili si geni: ruta ya Linksys WRT54G, ambayo ndiyo ilizaa OpenWrt, famwea huria ya ruta inayotumia Linux, ilipofika toleo la 5 mwaka 2005 ilipunguziwa flashi kutoka 4 hadi 2 na RAM kutoka 16 hadi 8, Linux ikaondolewa, ila jina likabaki lile lile. Miaka yote hiyo, na bado mtu anasoma jina anaishia hapo.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Ruta ilikuwa na OpenWrt tayari, aliwekewa zamani na kijana mmoja, na OpenWrt hukagua faili kabla ya kuliandika. Fundi mwenyewe alikiri kwamba ilikataa, ikasema faili si la kifaa hiki. Akalazimisha kwa -F, alama ya amri inayopuuza ukaguzi huo. Kifaa kimekwambia hapana, wewe unalazimisha, halafu unamwambia mwenye mali bodi imekufa? Pesa ya kununua nyingine mama yule aipate wapi mwezi huu?

Haya, lebo nyingine hufutika kwa joto na vumbi, na kuna ruta zilizobadilishwa kava. Basi fungua, usome maandishi ya juu ya chipu. Ni dakika tano. Na wanaonakili flashi nzima kutoka ruta moja kwenda nyingine kwa programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu), wajue wanahamisha na anwani ya MAC, namba ya utambulisho wa ruta kwenye mtandao, pamoja na vipimo vya redio vya ruta ile ya kwanza.

Tuliondoka nayo. Nyumbani nikaweka kompyuta yangu kwenye anwani ya IP 192.168.0.66, nikawasha seva ya TFTP, programu ya kutuma faili kwa kebo ya mtandao, famwea ya Ver 9 nikaiita wr841nv9_tp_recovery.bin, nikachomeka kebo, nikabana kitufe cha reset huku nawasha pawa. Butiloda, programu ndogo inayoanza kwanza ruta ikiwashwa, ilikuwa haijaguswa. Ikavuta faili. Baada ya dakika chache taa ya Wi-Fi ikawaka, na mama aliyekuwa amekaa kimya muda wote akaniuliza kama anaweza kufungua duka kesho.

Kabla hajaondoka nikambandikia plasta juu ya kava, nikaandika kwa maka pen: VER 9.