Kuachana Columbus, kuachana Tanga: madeni anabaki nayo nani?

Juzi mama kaniuliza kwenye simu, "Sasa mwanangu kama mmeshaachana, mbona hayo madeni ya mahakamani bado yanakuandama?" Nikacheka tu, maana hata mimi ilinichukua miezi kuelewa.

Iko hivi. Hapa Columbus, Marekani, mimi na baba watoto tulielemewa. Lori la mkopo, mizigo ikapungua, kredi kadi tukazikamua mpaka zikakauka, mkopo wa nyumba miezi minne hatujalipa. Tukafungua bankrapsi, yani kesi ya kuiambia mahakama madeni yametushinda, ile ya Chapta 13, wote wawili kesi moja, na kesi ya pamoja namna hiyo ni ya wanandoa tu, wewe na kaka yako hamruhusiwi hata mkikaa nyumba moja. Madeni hayafutwi siku hiyo. Mnawekewa mpango wa miaka 3 mpaka 5 kutegemea kipato, wetu ukawa 5, kila mwezi hela inakatwa kwenye mshahara inaenda kwa msimamizi wanamwita trastii, yeye ndo anawagawia wanaowadai. Simu za wadai zikanyamaza. Nikalala usingizi ambao sikuupata mwaka mzima.

Mwezi wa 26 ndoa ikafa. Sababu siziweki hapa.

Mimi nikajua tukiachana basi na kesi inagawanyika yenyewe. Wapi! Yani ule mpango ulipigiwa hesabu ya mishahara miwili na paa moja, sasa mko kodi mbili, umeme mara mbili, na kiasi kinachodaiwa ni kile kile mpaka mtu aende kuomba kibadilishwe. Mkikosa kulipa, trastii anaomba kesi ifutwe, na ikifutwa wadai wote wanarudi na riba zao kama hakuna kilichotokea. Alafu loya wetu alikuwa mmoja, tulipomwambia tunaachana akasema hawezi tena kutuwakilisha wote maana maslahi yanagongana, na angalau hilo alilisema mapema kuliko mengine ambayo nilikuja kuyajua mwenyewe kwa kuuliza uliza.

Njia zilikuwepo: kuendelea pamoja mpaka mwisho kama mnaweza kuongea (sisi tulikuwa hatusalimiani), kuitenga kesi ziwe mbili, au mmoja ahamie Chapta 7 anayofutiwa haraka na kuachia mali. Jaji wa ndoa anaweza kuwapa talaka na kuamua matunzo ya watoto, lakini kugawa nyumba iliyo ndani ya bankrapsi mpaka mahakama ya bankrapsi iruhusu. Majaji wawili, na kila mmoja anataka makaratasi.

Tukatenga. Yeye akaenda Chapta 7 akaachia lori, mimi nikabaki na nyumba na mpango mpya wenye makato madogo. Hapa ndo dada zangu mnisikilize: deni tulilosaini wote yeye likimtoka halifi, linabaki na jina langu. Hati ya talaka imeandika kadi fulani atalipa mume, sawa, ila benki haikuwepo kwenye hayo makubaliano, saini yangu wanayo. Ninachoshukuru ni kwamba lile aliloahidi kwenye talaka Chapta 7 haimfutii kwangu, naweza kumdai. Angebaki kwenye 13 akamaliza mpango lingeweza kufutika. Matunzo ya watoto hayo hayafutiki popote, na mtu wa 13 asipokuwa ameyalipa hamaliziwi kesi yake.

Sasa njoo nyumbani. Dada yangu Tanga kaachwa mwaka juzi. Mume alikuwa na mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba ya kukunyonya, dada ndo mdhamini, na mkopo wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, alichukua dada mwenyewe ili wamalizie banda la kuku la mume. Wazee walikaa, mchele ukapikwa, wakaongea mahari, watoto, nani aliyemkosea mwenzie adabu. Deni? Hakuna aliyegusa. Wiki mbili baadae wenye kikoba wakaja wakabeba friji na makochi, na mume kishahamia Handeni.

Na sio kwamba sheria haipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 inaiambia mahakama ikigawa mali iangalie pia madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 kazi ya mama wa nyumbani nayo inahesabika kama mchango kwenye mali. Ila kufika huko upitie baraza la usuluhishi, ufungue kesi, na wengi wanaishia kwenye mkeka wa wazee kwa sababu kwenda mahakamani ni kuvua nguo hadharani.

Msinielewe vibaya, huku hakuna mtu hata mmoja aliyetukalisha chini kutuuliza kama ndoa inapona. Ule mkeka niliutamani kweli. Lakini huku ile siku ya kwanza kila deni liliandikwa, la nani, shilingi ngapi, nani kasaini, tena kwa kiapo, na ndo maana leo najua ninachodaiwa mpaka senti. Dada yangu mpaka leo anaogopa mlango ukigongwa. Nimemwambia kikao kijacho cha ukoo, kabla ya sinia la pilau, mtu atoe daftari. Kasema wazee watamwona kafundishwa jeuri na mimi wa Marekani. Wamwone tu.