Dakika Moja ya Kimya na Kopo la Vifungo

Watu wakiiona kwilti, lile blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, imetandikwa kitandani wanasifia rangi, wanasifia zile nyota, wanapitisha mkono juu wanasema aisee umeweza, ila hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za pindo. Na pindo ndo shughuli yenyewe jamani. Kukata na kuunga vipande ni starehe tu, na ile kupiga mishono ya kushika tabaka zote tatu, yaani vipande vya juu, pamba ya katikati na kitambaa cha mgongo, nayo ina raha yake ukishazoea kusukuma lile furushi lipite chini ya cherehani. Lakini ukishafika kwenye pindo unakuta bado una safari ya kuizunguka kwilti nzima kwa sindano ya mkono, mshono mmoja mmoja, na kila mshono unatakiwa ujifiche usionekane. Yangu ilikuwa inchi 90 kwa 102. Zunguka pande zote nne unapata inchi 384, hiyo ni karibu mita 10, na mimi napenda mishono kama 8 kwa kila inchi, haya piga hesabu mwenyewe, inapita 3,000. Na haitaonekana hata mmoja. Eti ndo uzuri wake.

Sasa mtu aliyeajiriwa atapata wapi muda wa mishono 3,000? Kwenye mikutano ya onlaini, atapata wapi kwingine. Hilo nalisema bila aibu. Mkutano unaanza na "mnanisikia?", unaendelea na "tunakusikia ila hatukuoni", alafu mtu anashea skrini isiyo yake, hapo nusu saa imeshakatika na hakuna aliyefaidika isipokuwa mimi. Kamera inakuonyesha kifua na kichwa basi, mikono iko chini ya meza, macho kwenye skrini, wenzako wakitikisa kichwa na wewe unatikisa, na huku chini pindo linasonga. Kuna siku ya ripoti ya robo mwaka nilimaliza upande mzima wa kwilti, na bado bosi akanisifia mbele za watu kwamba natulia mkutanoni sio kama wengine.

Mavazi yangu ya mikutano hayo mnayajua maana na nyie mnayavaa. Juu shati limepigwa pasi, kola imesimama, na siku ile niliweka na tai kabisa. Chini bukta. Bukta pana ya pamba, bluu nzito, ya miaka mingi, mpira wa kiunoni ulishakata tamaa. Mtu asiniulize kwa nini mwenye cherehani na roli zima la mpira kwenye droo anavaa bukta iliyolegea, mganga hajigangi, nyumba hii nguo za kurekebishwa zina foleni na bukta yangu iko nyuma ya sketi ya mke wangu na zipu ya begi la mtoto.

Kitambaa cha mgongo wa kwilti nacho kilikuwa bluu nzito. Mmeshaanza kuona tunakoelekea.

Watu huwa wananiambia "ungesikia tu sindano inagusa bukta", kwa hiyo ngoja niwaeleze kidogo. Sindano za cherehani namba ikiwa kubwa na sindano inakuwa nene, ile ya 90 ina unene wa milimita 0.9. Za mkono ziko kinyume, namba ikipanda sindano inazidi kuwa nyembamba. Kwa pindo natumia namba 10, ambayo ni kama unyoya, inapenya pamba bila kuuliza. Unaweza kushona bukta, shuka na kitambaa cha meza kwa mpigo mmoja na kidole kisijue, hasa kidole chenyewe kikiwa kimevaa kastabini, kile kikofia cha kukinga sindano. Na uzi nilikuwa nimeupitisha kwenye nta. Nta inafanya uzi usijifunge mafundo na pia inaupa nguvu, ukivuta haukatiki hovyo. Shikeni hapo kwenye haukatiki.

Basi bwana, siku hiyo ni mkutano wa wafanyakazi wote, watu wa matawi yote wapo, skrini imejaa vichwa. Mimi nimejitandika kwilti mapajani, imeshuka hadi sakafuni, mezani kuna laptopu, na pembeni yake kuna lile kopo la bati la biskuti ambalo tangu liingie humu ndani kazi yake ni kukaa vifungo. Uzi niliokuwa natumia unatoka humo humo ndani ya kopo, kigurudumu chake kimekaa katikati ya vifungo, mfuniko wazi. Nilikuwa sijaukata. Unajua ukiwa na haraka unavuta uzi mrefu mrefu uende nao tu.

Kumbe muda wote nilivyokuwa naitikia mpango mkakati, mguu wa bukta ulijikunja ukaingia kati ya pindo na mgongo wa kwilti, bluu juu ya bluu, na mimi naenda zangu, chomeka toa, chomeka toa. Kwa furaha kabisa. Nakumbuka nilijisemea leo mishono inatoka mizuri balaa.

Ndo mkurugenzi akabadilisha sauti. Akasema kabla ya kuendelea ana taarifa ya huzuni, mzee wetu wa stoo aliyestaafu juzi juzi ametutoka, kwa hiyo anaomba tusimame wote popote tulipo, tumkumbuke kwa dakika moja ya kimya.

Tusimame wote.

Nikaona vichwa vinapanda kwenye skrini, kimoja kimoja, vinageuka vifua, vinageuka matumbo. Yule mzee nilimheshimu sana na nisingeweza kubaki nimekaa. Nikasimama kwa heshima zote, mgongo umenyooka, mikono nyuma.

Kwilti ikasimama na mimi.

Yaani nilihisi kitu kinanivuta kuanzia paja la kulia, kama mtoto anayetaka kubebwa, nikadhani nimeikanyaga, nikajitikisa kidogo. Kwilti ya saizi ile ni kilo mbili na kitu, na nusu yake ilikuwa inaning'inia. Mpira wa bukta, mnakumbuka habari zake. Bukta ikaanza kushuka. Haikuanguka, ingeanguka ingekuwa afadhali, ilishuka taratibu, kwa nidhamu, kama na yenyewe imeambiwa iheshimu marehemu. Nikaidaka kwa mkono wa kushoto na wa kulia nikakamata kwilti, na hapo nikauvuta ule uzi ambao haujakatwa, na ule uzi una nta, haukukatika, ukaja na kopo.

Kopo likagonga laptopu kwanza. Sijui liligusa nini pale kwenye kibodi ila maiki ikafunguka. Alafu likaenda sakafuni.

Sijui kama umewahi kusikia vifungo mia kadhaa vikimwagika kwenye sakafu tupu. Sauti ya kwanza ni mvua. Inayofuata ni ya vile vinavyobingirika, vinaenda chini ya kabati, vinagonga ukuta, vinarudi. Ya mwisho ndo mbaya, ni kifungo kimoja kikubwa cha koti kinachozunguka pale pale kwa ubavu, wrrr wrrr wrrr, kila kikikaribia kulala kinazidi spidi, na wewe unakiangalia huwezi kukikanyaga kwa sababu mguu wako ni sehemu ya kwilti.

Na hizi programu za mikutano si zimetengenezwa kwamba anayetoa sauti ndo anawekwa mbele? Watu mia na kitu wamenyamaza kimya, nyumba pekee yenye kelele ni yangu. Nikajua kwa wenzangu wote sura yangu inakua, inakua, inajaa skrini nzima. Tai shingoni, mkono mmoja umeshika bukta, mwingine umekumbatia nyota za rangi ya chungwa. Kuzima kamera kunataka mkono na mimi mikono yote ina kazi.

Ndo mlango ukafunguliwa. Mwanangu wa darasa la kwanza amefuata kelele. Akaangalia sakafu, akaniangalia, akainama akachunguza paja langu kwa makini kama daktari, alafu kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo akasema, "Baba, umejishona!"

Nikamkonyeza anyamaze. Yeye akatoka mbio. "Mama! Mama njoo umuone baba kajishona!"

Dakika ya kimya bado haijaisha. Naapa ile dakika mkurugenzi aliirefusha.

Mke wangu akaingia na mkasi. Alipoelewa kilichotokea hakuuliza hata swali, huyu mwanamke nimeishi naye muda wa kutosha, akapiga goti moja kwa moja akatafuta mshono ulipo, na nikamuona anauelekeza mkasi kwenye ukingo wa kwilti. Ukingo wa kwilti! Pindo lililobakiza urefu wa mkono tu kuisha! Hapo sikukumbuka maiki, sikukumbuka marehemu wala ajira, nikasema kwa ile sauti ya kunong'ona ambayo ni kelele kuliko kelele, "Usikate kwilti! Kata bukta! Acha kwilti, kata bukta!"

Kwenye skrini niliona mabega ya watu wa masoko yanatetemeka. Mmoja alizima kamera. Wa pili akazima. Wa tatu alijifanya anafuta machozi na huenda ni kweli alikuwa anayafuta. Mkurugenzi peke yake ndo aliyebaki amenyooka, uso kama ukuta, alafu akasema "Asanteni, tunaweza kukaa", na akaendelea na ajenda namba mbili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tatizo mimi kukaa siwezi. Mke wangu amekata bukta kweli, kama nilivyomwambia, amekata kipande cha mraba safi kabisa, ana mkono mzuri akitaka, ila mimi sasa nina bukta yenye dirisha. Nikajifunga kwilti kiunoni nikakaa nayo hivyo hivyo hadi mwisho, kipande cha bukta kikiwa kimebaki kimeshonewa kwenye pindo. Nilivyokikagua baadaye, mshono ulikuwa haujaonekana hata mmoja. Kazi safi. Sijawahi kushona pindo zuri vile nikiwa naangalia.

Siku nzima hakuna mtu aliyenitumia meseji, na hilo lilinitisha kuliko kuchekwa. Jioni ndo ikaingia moja. Kuangalia jina, ni yule mama wa uhasibu. Sasa huyu mama ofisi nzima tunamuogopa, ni yule anayekurudishia fomu kwa sababu tarehe umeandika kwa wino mwingine, hajawahi kunisalimia zaidi ya neno moja. Nikajua ndo barua ya onyo inakuja. Nikafungua.

"Habari za jioni. Safu ya tatu kutoka chini, nyota ya mwisho kulia. Kipande kimoja cha pembetatu kimelala."

Nikasoma tena. Nikachukua kwilti nikaitandaza kitandani, nikahesabu safu. Nyota zangu ni 56, kila moja ina vipande 9, cha kati na vya kwenye kona kila kimoja ni cha rangi moja tupu, na vile 4 vinavyobaki kila kimoja kina pembetatu 4 zinazokutana katikati, ndo vinatengeneza ncha za nyota. Ukigeuza kimoja robo mzunguko tu, ncha zinaangalia ndani na nyota inakuwa kama imevunjika mkono. Safu ya tatu kutoka chini, ya mwisho kulia. Kweli imevunjika mkono.

Miezi yote hiyo nimeishona, nimeipiga pasi, nimeipiga mishono ya tabaka, nimeizungushia pindo mita 10, sijaiona. Yeye kaiona kwenye skrini, kwa sekunde chache, ikiwa imekumbatiwa na mwanaume anayevuliwa bukta na blanketi.

Nikamuita mwanangu nikamuuliza, vile vipande nilivyokuwa nimevipanga sakafuni siku ile nikaenda kuoga, kuna mtu alivigusa? Akasema alikuwa ananisaidia. Kimoja kilikuwa kinamuangalia vibaya.

Kufumua haiwezekani, maana ni kufumua pindo, na mishono ya tabaka, na safu tatu za nyota. Nikakaa nikafikiria jibu. Kwa washonaji wa kwilti kuna hadithi ya zamani kwamba mabibi walikuwa wanaacha kosa moja makusudi kwa unyenyekevu, kwamba mkamilifu ni Mungu peke yake. Nikaandika kwa heshima, "Shikamoo mama. Asante kwa kuona. Hiyo niliiacha makusudi."

Akachukua muda. Zile nukta tatu zikaja, zikapotea, zikaja.

"Marahaba. Wote tunasemaga hivyo."

Alafu chini yake: "Na fomu yako ya matumizi ya mwezi uliopita hujasaini ukurasa wa pili."