Mpaka lori lifeli breki?

Hivi sisi Mbeya tunaingia gazetini mpaka lori lifeli breki Mlima Nyoka? Gazeti linachapwa Dar, linasafiri zaidi ya kilomita 800, linapanda mlima Kitonga, likifika Mwanjelwa habari zimeshachacha. Sawa, barabara ni ndefu. Ila lifungue sasa: Simba na Yanga kurasa kwa kurasa, halafu Mbeya, Iringa, Njombe na Rukwa tumebanwa safu moja, pembeni ya tangazo la mnada. Bei ya viazi ikiporomoka Uyole, wakulima wakilia na lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, hata mstari hupati. Kiongozi akikata utepe, picha nusu ukurasa! Na muuza magazeti naye anang'aka: "Braza, usisome vichwa bure, nunua." Ninunue nini hapo?