Mlokole na jezi yenye tangazo la kubeti

Mjadala umerudi tena kwenye magrupu ya kanisa, kwamba mtu aliyeokoka anaweza kweli kushabikia timu ambayo mambo yake yanapingana na imani yake, na kama kawaida watu wanaanzia Uingereza kwenye zile bendi za upinde wa mvua ambazo makapteni huvaa mkononi kuunga mkono mashoga. Mnakumbuka mwishoni mwa 2024 Marc Guehi, kapteni wa Crystal Palace wakati ule na mtoto wa mchungaji, aliivaa bendi ila akaandika juu yake kwamba anampenda Yesu, FA, chama cha soka cha Uingereza, wakaikumbusha klabu kuwa maneno ya dini hayaruhusiwi kwenye vifaa vya mechi, mechi iliyofuata akaandika tena kwamba Yesu anakupenda, na adhabu hakupewa. Sam Morsy wa Ipswich, ambaye ni Muislamu, yeye hakuivaa kabisa. Watu wakagawanyika hapo mpaka leo nani alifanya sahihi.

Mimi naomba tuyaache ya London tuje Kariakoo, maana mtihani wetu wenyewe uko huku.

Tuanze na ushirikina. 2022 CAF, shirikisho la soka Afrika, waliipiga Simba faini ya dola 10,000 kwa moto uliowashwa katikati ya uwanja kabla ya mechi na Orlando Pirates kule Soweto, na Bodi ya Ligi yetu imeshatoza faini timu mara nyingi tu kwa kupita mlango usio rasmi au kuruka ukuta, mambo yanayohusishwa na ushirikina, Yanga wamo, timu za mikoani wamo. Kila shabiki anajua ile inayoitwa kamati ya ufundi kazi yake ni mambo ya waganga. Sasa wanaosema tuache wanashika Waefeso 5:11, tusishirikiane na matendo ya giza, na wanaongeza kwamba kiingilio chako na hela ya kadi ndio vinalipa hayo mambo. Hoja nzito hiyo, siwezi kuidharau.

Upande wa pili wanasema ukienda hivyo utahama nchi, maana utaulizia imani ya mwenye daladala na ya muuza nyama, na Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho nyama ya sokoni mle bila kuuliza-uliza. Wengine wanamleta Naamani, yule aliyeomba asamehewe akiinama kwenye hekalu la Rimoni pamoja na mfalme wake, Elisha akamwambia aende kwa amani. Ila hapa mimi nawapinga, Naamani alikuwa kazini. Andiko hilo linamfaa mchezaji mlokole ambaye mkataba unambana, wewe shabiki wa jukwaani nani kakulazimisha?

Na Paulo hakuishia pale kwenye nyama, alisema mtu akikwambia hii imetolewa kwa sanamu usile, kwa ajili ya dhamiri yake yeye siyo yako. Kwangu kipimo ndio hicho, ushabiki wangu unamvuta nani kwenda wapi. Na ukipima hivyo, ule moto wa Soweto sijaona mwanakwaya aliyeenda kwa mganga kisa timu yake imeenda, ila kubeti jamani, kubeti kumeingia mpaka ndani. Mazoezi ya kwaya yakiisha vijana wamekaa kwenye benchi la nje na simu, wanasuka mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa timu 12, mmoja anamkopa mwenzie buku la kuweka, na kijana huyo huyo kifuani kavaa jina la kampuni ya kubeti, na mwalimu wake wa kwaya kavaa hilo hilo. SportPesa waliingia Simba na Yanga 2017, M-Bet wakasaini mkataba wa zaidi ya bilioni 26 wa miaka 5 na Simba 2022, hela hizo zinatoka kwenye mikeka iliyochanika ya watoto wetu. Wachungaji wanaohubiri kwa nguvu kuhusu bendi za Uingereza, hili la kifuani mbona kimya?

Kwahiyo mimi sisemi mtu aache timu, kuipenda Yanga au Simba siyo dhambi, ila tangazo lile sioni Mkristo analivaaje mbele ya vijana anaowalea. Frédéric Kanouté, yule mshambuliaji wa Mali, alipokuwa Sevilla ya Hispania alikataa kutangaza kampuni ya kubeti ya 888.com kwa sababu ya Uislamu wake, na bado mashabiki walimpenda. Uingereza jezi za watoto haziruhusiwi kuwa na matangazo ya kubeti, na 2023 klabu za Ligi Kuu kule zilikubaliana kuyatoa kifuani mwa jezi za mechi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Simba na Yanga zina wanachama wenye kadi, zina mkutano mkuu, na wapendwa kibao wamo humo, basi mmoja anyanyuke aombe angalau jezi za watoto ziuzwe bila lile tangazo.